Fate: nianze na folda ipi?

Swali: "Kaka, shikamoo. Binamu yangu amenihamishia Fate yote kwenye flash, folda kumi na moja, hakuna hata moja yenye namba. Kuna Fate Zero (faili 25), Fate Stay Night (24), Unlimited Blade Works (25), nyingine ya jina hilohilo yenye faili moja tu, Heaven's Feel (3), Apocrypha, Last Encore, Illya, Babylonia, Case Files, na moja ameiandika 'Fate ya mapishi' (13). Yeye anasema nianze na Zero kwa sababu sifuri huja kabla ya moja. Nimejaribu episodi ya kwanza: watu wazima wanazunguka chumbani wakielezana mambo, mimi nikalala. Tatizo ni mimi au ni anime? Nianzie wapi? Huwa naangalia usiku na mdogo wangu wa darasa la sita." Msomaji, Morogoro.

Marahaba, mdogo wangu. Huna tatizo lolote. (Kwa wasomaji wengine: Fate ni ukoo wa hadithi za anime, yaani katuni za Kijapani, kuhusu vita ya wachawi katika mji wa Fuyuki.) Episodi ile ya kwanza ya Zero ina dakika karibu 50, mara mbili ya episodi ya kawaida, na ule mzunguko wa chumbani umekuwa utani wa mashabiki tangu 2011. Wengi wamesinzia palepale uliposinzia wewe. Na sababu ya usingizi wako ndiyo jibu la swali lako: wale watu hawaongei na wewe. Wanaongea na mtazamaji ambaye tayari anaijua vita ya Fuyuki, anayemtambua kila anayeingia mlangoni, na anayejua nani atakuwa hai miaka kumi baadaye. Wewe umeingia msibani wakati wosia unasomwa, na marehemu mwenyewe humjui.

Binamu yako hana nia mbaya, hesabu yake ni sahihi kabisa. Matukio ya Zero yanatangulia yale ya Stay Night kwa miaka kumi. Ila hadithi haipangwi kama kalenda.

Nikupe ratiba kwanza, maelezo baadaye, usije ukachoka njiani. Anza na Fate Stay Night ya faili 24. Ikiisha, Unlimited Blade Works ile ya faili nyingi. Kisha Heaven's Feel zote tatu, ya kwanza mpaka ya tatu. Hapo ndipo urudi kwenye Zero. Case Files inafuata nyuma ya Zero. Zilizobaki hazina haraka, na mbili kati yake ningekuwa wewe ningezifuta nipate nafasi ya mambo mengine.

Sasa sababu, maana ukienda na ratiba bila sababu binamu yako atakushinda kwa maneno.

Katika mji wa Fuyuki, Japani, wachawi saba wanagombea Kikombe Kitakatifu, chombo kinachosemekana kumtimizia mshindi ombi lolote. Nasema wachawi kwa kukosa neno; hawa hawarogi mashamba ya jirani, ni watu wa koo zenye elimu ya siri na majivuno mengi. Kila mmoja anamwita shujaa wa kale kutoka kwenye historia au ngano, aje ampiganie. Mchawi anakuwa bwana, shujaa anakuwa mtumishi. Na mtumishi haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa cheo: Saber wa upanga, Archer wa upinde, Lancer wa mkuki, Rider wa vipando, Caster wa uchawi, Assassin wa kuua kwa kificho, Berserker wa wazimu.

Kwa nini jina lifichwe? Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji maelezo marefu. Chukulia mchawi mmoja wa Pate ameshiriki vita hiyo na amemwita Fumo Liyongo. Jitu lisilodhurika kwa mkuki wala mshale. Nani atasimama mbele yake? Lakini siku adui wakijua kwamba huyu ni Liyongo, hawahangaiki tena na mikuki. Wanatafuta sindano ya shaba na kulenga kitovu. Kila ngano ya shujaa imebeba ndani yake habari ya kifo chake, kwa hiyo anayelijua jina amekwisha kupata silaha. Hiyo ndiyo kanuni ya Fate kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watumishi wanafichana majina, mabwana wanafichana koo, na mwandishi anakuficha wewe. Nusu ya utamu ni kukaa na mtu kwa episodi kumi unajiuliza: huyu ni nani hasa?

Zero inamtaja Saber kwa jina kabla chai yako haijapoa. Haina ubaya, kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kulijua. Kama ulikuwa macho wakati ule, umelisikia, basi tena. Kama ulikuwa umelala, usingizi wako umekuokoa.

Turudi nyuma kidogo. Fate haikuanza kama anime. Ilianza kama gemu ya kompyuta, tarehe 30 Januari 2004, kazi ya kikundi kiitwacho Type-Moon. Mwandishi ni Kinoko Nasu, mchoraji ni Takashi Takeuchi, marafiki wa tangu shuleni, ambao miaka michache kabla walikuwa wanajitengenezea gemu yao na kuiuza wenyewe kwenye maonyesho ya mashabiki. Ni gemu ya kusoma zaidi kuliko kucheza: humpigi mtu, unasoma maandishi, unaona picha, unasikiliza muziki, na mara mojamoja unaulizwa uchague la kufanya. Ukichagua vibaya unakufa, na humo kuna makumi ya namna za kufa.

Hadithi ina njia tatu. Zote zinaanza siku zilezile, na kijana yuleyule, Emiya Shirou, yatima wa moto mkubwa ulioteketeza mtaa wao miaka kumi nyuma. Aliyemwokoa akamlea, na kabla ya kufa akamwachia ndoto ya kuwa mtetezi wa haki, mtu wa kuokoa kila mtu. Baada ya siku chache za mwanzo njia zinaachana. Ya kwanza inaitwa Fate na inamsogeza karibu Saber. Ya pili, Unlimited Blade Works, ni ya Rin, binti wa ukoo wa wachawi anayesoma naye shule moja. Ya tatu, Heaven's Feel, ni ya Sakura, yule mpole anayekuja kumpikia kila asubuhi.

Na hapa ndipo penye ufunguo. Nasu hakumwachia msomaji achague njia ya kuanzia. Ya pili imefungwa mpaka umalize ya kwanza, ya tatu imefungwa mpaka umalize ya pili. Makufuli hayo aliyatia mwandishi mwenyewe. Mtu akikwambia mpangilio wa Fate ni suala la ladha tu, mwulize basi yale makufuli yalikuwa ya nini.

Hayakuwa ya kulinda majina peke yake. Njia ya kwanza inakuonyesha ndoto ya Shirou ikiwa bado nzima, ikikutana na mtu aliyeishi ndoto inayofanana nayo mpaka ikamwishia pabaya. Ya pili inamleta mtu wa kumwambia Shirou, usoni, kwamba ndoto hiyo ni ya kuazima na ni ya uongo. Ya tatu inamuuliza: ukitakiwa kuchagua kati ya ndoto yako na mtu mmoja tu, utafanyaje? Ukianza na ya tatu utamwona kijana akivunja kitu ambacho hukuwahi kumwona akikibeba, na utabaki unashangaa watu wanalia nini.

Sasa, gemu ni moja, lakini anime zake zimetengenezwa vipandevipande, na studio mbili tofauti, kwa muda wa miaka 14. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa.

Folda ya faili 24 ni kazi ya Studio Deen, iliyorushwa Januari hadi Juni 2006. Inafuata njia ya kwanza. Nikutahadharishe mapema: ina umri, na umri unaonekana. Nyuso zinabadilikabadilika, mapigano mengine ni watu wawili wamesimama wakitazamana huku rangi zikipita nyuma yao, na mahali fulani katikati linatokea joka la kompyuta ambalo sitakueleza limefikaje hapo. Kosa kubwa zaidi ni kwamba Deen hawakutulia kwenye njia moja. Walichota vijiko viwili vitatu kutoka kwenye sufuria za njia nyingine, kwa hiyo kuna vidokezo kuhusu Archer na kuhusu Sakura ambavyo vimewekwa mapema mno. Ukiviona usivishike sana. Vimepita haraka na havina maelezo.

Wapo wanaokwambia uiruke kabisa. Mimi siko nao. Ile njia ya kwanza, iliyobeba jina la Fate yenyewe, haijatengenezwa upya na mtu mwingine mpaka leo. Ukiiruka, Saber atakuwa kwako msichana mwenye upanga anayekula sana, na anime zote zinazofuata zitakuwa zinamtegemea mtu usiyemjua. Muziki nao ni wa Kenji Kawai, yuleyule wa Ghost in the Shell ya 1995. Kuna usiku utaacha kutazama uanze kusikiliza. Vumilia mpaka episodi ya 24. Dakika zake za mwisho hazichekwi hata na wale wanaoicheka iliyobaki.

Kama macho yako yatakataa kabisa, iko njia nyingine, na kusema kweli ndiyo bora: soma gemu yenyewe. Tangu Agosti 2024 kuna toleo jipya lililosafishwa, la Windows na Nintendo Switch, na hilo ndilo la kwanza kutoka rasmi kwa Kiingereza, miaka 20 baada ya lile la Kijapani. Halina zile picha za kikubwa zilizokuwamo mwaka 2004, na halihitaji kompyuta yenye nguvu. Njia zote tatu zitakula saa 50 na zaidi, lakini unaweza kusoma ya kwanza peke yake kwa usiku kadhaa, kisha ukaendelea na anime kuanzia Unlimited Blade Works.

Tukija kwenye hiyo Unlimited Blade Works, angalia vizuri folda zako, maana hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Ile ya faili moja ni filamu ya Studio Deen ya Januari 2010. Walichukua njia nzima ya pili wakaishindilia ndani ya saa moja na dakika arobaini na kitu. Ni kama kumsikiliza mtu anayesimulia mechi huku akikimbilia daladala: magoli yote anayataja, mchezo huuoni. Usiifungue.

Ile ya faili nyingi ni ya studio ya ufotable, haohao waliotengeneza Demon Slayer. Ilirushwa kwa awamu mbili, Oktoba hadi Desemba 2014, kisha Aprili hadi Juni 2015. Na hapa nina habari mbaya kidogo: inapaswa kuwa na faili 26. Umeandika 25, kwa hiyo nadhani iliyokosekana ni ile yenye namba 00. Mwambie binamu akutafutie. Watu huiacha kwa kudhani sifuri ni tangazo au nyongeza (ajabu, maana binamu yako kwingine anaiheshimu sana sifuri), kumbe ndiyo mwanzo wenyewe. Ina urefu wa episodi mbili, na inasimulia siku za mwanzo kwa macho ya Rin. Episodi ya 01, ndefu vilevile, inarudia siku hizohizo kwa macho ya Shirou. Kwa hiyo ukiona mambo uliyoyaona yanarudi, faili si mbovu. Tulia, tazama nani alikuwa amesimama wapi.

Hapo utaona tofauti ya fedha na ya miaka minane. Mapigano ya usiku, mwanga wa taa za barabarani juu ya chuma, theluji, kila kitu kimepigwa msasa. Lakini mimi napenda zaidi mazungumzo ya nusu ya pili, baina ya Shirou na mtu ambaye sitamtaja. Watu wengine wanalalamika kwamba wanaongea mno huku wanapigana. Wao waliharakisha kufika. Wewe utakuwa umetoka kwenye njia ya kwanza, utajua wanagombea nini.

Heaven's Feel ni filamu tatu, za ufotable pia, kila moja kama saa mbili: ya Oktoba 2017, ya Januari 2019, na ya tatu iliyokuwa itoke Machi 2020, korona ikaisukuma mpaka Agosti. Binamu kama hakuziwekea namba, zitambue kwa majina: presage flower, kisha lost butterfly, kisha spring song. Ukitaka ushahidi kwamba watengenezaji wenyewe wanakutegemea uwe umeziona zile zilizotangulia, tazama mwanzo wa filamu ya kwanza. Yale matukio ya siku za mwanzo, ambayo Unlimited Blade Works iliyapa karibu saa mbili, filamu inayapitisha kwa haraka wakati majina ya wahusika wa kazi yanapita juu ya skrini. Kama kumwambia mtu: haya unayajua, twende. Anayeanzia hapo anaanguka kabla hajasimama.

Nyimbo za kufungia zimeimbwa na Aimer, muziki ni wa Yuki Kajiura. Filamu ya pili usiiangalie usiku ambao kesho yake una mtihani.

Halafu ndiyo Zero. Iliandikwa kama riwaya kati ya 2006 na 2007, na mtu mwingine kabisa, Gen Urobuchi, kwa baraka za Nasu. Ufotable wakaifanya anime ya episodi 25, kuanzia Oktoba 2011 hadi Juni 2012. Kwa ufundi wa kusimulia, mimi naiweka juu ya zote, na nadhani hata binamu yako anaipenda kwa sababu hiyo. Anataka uonje kilicho bora kwanza. Wanaotetea kuanza nayo wana hoja nyingine pia: mapigano yamekamilika, wahusika wengi ni watu wazima, hakuna mambo ya shule. Yote kweli.

Lakini Urobuchi aliandika mkasa ambao mwisho wake ulikuwa umeshachapishwa. Aliyesoma gemu alijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba vita hii inaishia kwenye moto, kwamba kijana mmoja ataokolewa, na kwamba mwokozi wake hatakuwa na miaka mingi. Urobuchi hakuwa na siri ya kuficha, kwa hiyo hakuficha. Nguvu yake yote aliiweka kwenye kukuonyesha watu wanatembea kuelekea mahali ambapo wewe unapaona na wao hawapaoni. Mtu anapanga maisha ya binti yake kwa upendo, na wewe unajua upendo huo umezaa nini. Padri mmoja kijana anajiuliza anapenda nini duniani, na wewe unatamani kumfunika mdomo asipate jibu. Ukimwona mtu huyohuyo bila kujua, ni padri tu, ana uso mrefu.

Mimi mwenyewe nilianza na Zero. Nilikuwa hosteli, mwenzangu wa chumba alikuwa na kompyuta, tukafuata hesabu ileile ya binamu yako. Nilipofika Heaven's Feel miaka mingi baadaye, kuna jambo linafunuliwa kuhusu nyumba ya Sakura, jambo ambalo filamu imelijenga polepole, mlango mmoja baada ya mwingine. Wenzangu niliokuwa nao walishika vinywa. Mimi nilikuwa natafuna karanga. Nilikuwa nimeshaambiwa, mapema kabisa, katika hadithi ambayo haikuona haja ya kulificha. Sikuweza kulisahau ili nishangae. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na haina dawa: unaweza kuirudia Zero mara kumi baada ya Stay Night ikazidi kuwa tamu, lakini Stay Night huwezi kuitazama kwa mara ya kwanza mara mbili.

Tena kuna kitu kimoja utakipata ukifuata makufuli, ambacho mimi sikukipata. Katika Stay Night Shirou anakumbuka uso wa yule aliyemtoa kwenye moto. Anaukumbuka kama mtoto, haelewi kwa nini mtu yule alionekana hivyo. Mwisho wa Zero utasimama upande wa pili wa uso huo.

Kwa muda, njia hii nzima, kuanzia Deen mpaka mwisho wa Zero, ni kama saa 37. Saa mbili kila usiku, wiki mbili na nusu hivi.

Kuhusu mdogo wako wa darasa la sita: la. Sizungumzii panga na damu peke yake. Zero ina muuaji wa watoto, na anime haigeuzi macho. Heaven's Feel ina unyanyasaji wa msichana, na ni sehemu ya hadithi, huwezi kuruka dakika mbili ukaendelea. Hata Unlimited Blade Works ina tukio moja ndani ya kasri, mtoto anauawa kikatili, ambalo mimi mtu mzima nililisogeza mbele. Mlaze kwanza, kisha uwashe.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Case Files ni ya 2019, episodi 13 na ya 00 yake, na inamfuata kijana mmoja utakayekutana naye kwenye Zero, sasa amekuwa mwalimu London mwenye nywele ndefu na hasira za karibu. Bila Zero haina uzito. Baada ya Zero ni kama kupata barua kutoka kwa mtu uliyemkumbuka. Apocrypha ya 2017 ni ulimwengu mwingine: kikombe kimepelekwa Romania, watumishi saba dhidi ya saba. Ukishazijua kanuni unaweza kuitazama wakati wowote baada ya Heaven's Feel, na usitarajie makubwa isipokuwa mapigano mawili matatu ya karibu na mwisho.

Last Encore ya 2018 imetokana na gemu nyingine, na inadhani umeicheza. Futa. Illya inaonekana ya watoto, wasichana wadogo na fimbo za nyota, na hapo ndipo inapodanganya wazazi: kamera inawaangalia watoto wale kwa namna ambayo sitaipendekeza kwa mtu yeyote, mdogo wala mkubwa. Hiyo nayo futa.

Babylonia ni ya tawi la Grand Order, gemu ya simu iliyoanza Japani mwaka 2015. Hapa mambo yanageuka kidogo, nami nitaonekana najipinga. Babylonia ilirushwa 2019 hadi 2020, kisha zikatoka filamu mbili za Camelot, ya pili Mei 2021, kisha Solomon, Julai mwaka huohuo. Katika gemu Camelot inakuja kabla ya Babylonia. Ukizipata, tazama First Order (utangulizi wa tawi hili), halafu Camelot mbili, Babylonia, Solomon. Sababu ni ileile ya makufuli: huo ndio mfuatano alioutaka mwandishi wa hadithi, studio ndizo zilizozitoa kwa kupishana. Hata hivyo sura kadhaa za katikati hazina anime, utakuwa unaruka madimbwi. Kama una folda ya Babylonia peke yake, itazame kwa ajili ya mji wa Uruk na mfalme wake, ukubali kwamba wahusika wawili watatu watakuja wakisalimiana kama wanafahamiana, nawe hutajua wapi.

Inabaki 'Fate ya mapishi', ambayo nina furaha binamu yako aliiweka. Jina lake linatafsirika kama chakula cha leo nyumbani kwa Emiya. Ufotable walikuwa wakiitoa mwaka 2018, sehemu moja kila mwezi, na humo hafi mtu. Shirou anapika, wale waliokuwa wakiuana wanakaa meza moja, wanasubiri wali. Kila sehemu ina dakika zisizofika kumi na tano na pishi moja kamili, ukitaka unaweza kulifuata jikoni. Wewe iache mpaka umalize Heaven's Feel, utaelewa kwa nini watu wanaifungua hiyo usiku uleule filamu ya tatu inapoisha. Mdogo wako anaweza kuianza hata leo jioni, ila ale kwanza.